Unaoshaje udongo? Kisa cha Stratford, mashariki mwa London

Kama wewe ni mfuatiliaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, mtaa ninaotaka kukusimulia leo umeshauona mara nyingi kwenye runinga bila kuufikiria. Ni pale West Ham United wanapochezea mechi zao za nyumbani. Kamera ikipanda juu unaona uwanja wa duara, mifereji ya maji pembeni, mnara mwekundu wa vyuma vilivyosokotana, na nyuma yake maghorofa mapya. Kila kitu kinang'aa. Ukiambiwa kwamba miaka 20 iliyopita ardhi ile ilikuwa na lami, mafuta, risasi, sianidi na aseniki, utabisha.

Sasa angalia nembo ya timu yenyewe: nyundo mbili zilizopishana. Hazikuwekwa pale kwa urembo. Timu ilianzishwa mwaka 1895 kama timu ya wafanyakazi wa Thames Ironworks, kiwanda cha kuunda meli kilichokuwa kwenye mdomo wa Mto Lea, na nyundo zile ni za mafundi wa meli. Mwaka 1900 ikabadilishwa jina na kuwa West Ham United. Kiwanda kikafungwa mwaka 1912, timu ikabaki. Na mwaka 2016 ikahamia Stratford, kilomita chache tu juu ya mto uleule, kwenye uwanja uliojengwa juu ya viwanda vingine vilivyokwisha kufa.

Leo tuzungumze namna eneo lile lilivyogeuzwa kutoka viwanda hadi mtaa wenye nyumba, shule, maduka, ofisi na chuo kikuu. Sehemu ya kwanza ya kisa ni kemia, na ni kemia tamu. Sehemu ya pili ni swali ambalo mashine ya kuoshea udongo haiwezi kulijibu: ukishaosha, unamwoshea nani?

Sheria iliyoishia mtoni

Kwanza tujiulize sumu ile ilifikaje pale. Haikuanguka kutoka mbinguni.

London hupigwa zaidi na upepo wa kusini-magharibi. Kwa hiyo moshi na harufu huelekea mashariki, na wenye fedha walilijua hilo mapema, wakajenga magharibi. Halafu mwaka 1844 Bunge likapitisha sheria ya majengo ya London iliyobana shughuli za hatari na zenye uvundo zisianzishwe karibu na nyumba za watu. Sheria nzuri kabisa, isipokuwa ilikuwa na mpaka. Mpaka wenyewe ulikuwa Mto Lea. Magharibi mwa mto ni London. Mashariki mwa mto ni Essex, na huko sheria ile haikufika.

Unaweza kukisia kilichofuata. Ukiwa mwenye kiwanda cha kuchemsha mifupa, cha sabuni, cha mbolea au cha wino wa kuchapia, ulihitaji tu kuvuka daraja. Ng'ambo ulipata maji ya mto, reli, ardhi rahisi, na hakuna wa kukuuliza. Eneo la West Ham, ambalo Stratford ilikuwa sehemu yake, lilikuwa na watu takriban 19,000 mwaka 1851. Kufika mwaka 1901 walikuwa zaidi ya 267,000. Wengi walikuja kutafuta kazi, na wakaishi palepale moshi uliposhukia.

Kingo zote mbili za mto zikajaa viwanda, na vingine vimeingia hadi kwenye maisha yako wewe unayesoma. Hackney Wick, upande wa magharibi wa mto, ndiko Alexander Parkes alikoanzisha kampuni mwaka 1866 kutengeneza Parkesine, kitu kinachohesabiwa kuwa plastiki ya kwanza kutengenezwa na binadamu. Kampuni ilikufa baada ya miaka miwili, lakini plastiki kama tunavyoona haikufa. Hackney Wick hiyohiyo palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Carless, Capel & Leonard. Miaka ya 1890 kampuni hiyo ilianza kuuza mafuta mepesi ya injini kwa jina la biashara walilolichagua wenyewe: petrol. Ndiyo. Neno "petroli" tunalolitamka kila tunaposimama kwenye sheli lilisambaa kutoka kwenye vichochoro vile vya London. Waliolibuni walijaribu kulisajili liwe mali yao, wakashindwa.

Jirani tu, mtaa wa Bow, kulikuwa na kiwanda cha viberiti cha Bryant & May. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake na wasichana. Vichwa vya njiti vilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, na mvuke wake ulikuwa ukioza mifupa ya taya. Julai 1888 wafanyakazi wapatao 1,400 waligoma, na mgomo wao ukawa mmoja wa migomo inayokumbukwa zaidi Uingereza. Fosforasi nyeupe haikupigwa marufuku kwenye viberiti vya nchi hiyo hadi mwaka 1910.

Nimekitaja kiwanda hicho makusudi. Tunaposema "udongo uliochafuliwa" tunafikiria ardhi tu. Lakini kabla sumu haijatua ardhini ilipita kwanza kwenye mapafu, kwenye ngozi na kwenye mifupa ya watu. Udongo ni mahali ilipobakia baada ya watu hao kufa.

Baada ya ving'ora kunyamaza

Karne ya 20 ilipokuwa inaelekea ukingoni, viwanda vikaanza kuondoka kimoja kimoja. Makontena yalihitaji bandari zenye kina kikubwa, na gati za mashariki mwa London zikafungwa. Za mwisho, Royal Docks, zilifungwa mwaka 1981. Karakana kubwa ya treni ya Stratford, iliyoanza miaka ya 1840, nayo ikafunga milango. Zikabaki gereji za mabasi, yadi za vyuma chakavu, maghala, na rundo la majokofu mabovu lililokuwa kubwa kiasi cha kuitwa mlima. Juu ya yote hayo zilipita nyaya za umeme mkubwa kwenye nguzo za chuma.

Picha za wakati ule zinaonyesha pahali palipoachwa. Na hilo ndilo lililosemwa: patupu, pamekufa, panangoja kuokolewa.

Kumbe hapakuwa patupu. Kulikuwa na biashara zaidi ya 200 zilizoajiri watu takriban 5,000: mafundi magari, wachapishaji, waoka mikate, hata kiwanda cha kukausha samaki kwa moshi cha H. Forman & Son, kilichoanzishwa mwaka 1905. Kulikuwa na Clays Lane, makazi ya ushirika yaliyojengwa miaka ya 1970, ambamo waliishi watu zaidi ya 400, wengi wakiwa waseja wa kipato kidogo. Kulikuwa na bustani za mboga za Manor Garden, vitalu vipatavyo 80, ambavyo familia zilikuwa zinavilima tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa nini walikuwa pale? Kwa sababu palikuwa rahisi. Na kwa nini palikuwa rahisi? Kwa sababu palikuwa pachafu. Shika hilo, tutalirudia.

Julai 2005

Tarehe 6 Julai 2005, huko Singapore, London iliishinda Paris kwa kura 54 dhidi ya 50 na kupewa Michezo ya Olimpiki ya 2012. Hoja mojawapo kubwa ya London ilikuwa hii: michezo ni wiki chache, sisi tutawaachia watu wa mashariki mtaa mpya kwa miaka mingi ijayo.

Serikali ikatumia nguvu ya kisheria ya kutwaa ardhi kwa lazima. Kufika mwisho wa 2007 wote walikuwa wametoka: biashara, wapangaji wa Clays Lane, wenye bustani. Kiwanda cha samaki kilihamia ng'ambo ya maji, na mahali kilipokuwa ndipo uwanja uliposimama. Majengo zaidi ya 200 yakabomolewa. Nguzo 52 za umeme zikang'olewa na nyaya zake kuzikwa kwenye mahandaki. Likabaki eneo la kilomita za mraba 2.5 hivi, na maelfu ya mashimo ya uchunguzi yaliyochimbwa ili kujua nini kimo chini.

Haya, unaoshaje udongo?

Njia ya zamani ya kushughulika na udongo wenye sumu ni rahisi: chimba, pakia kwenye malori, kautupe kwingine, leta udongo mpya. Ubaya wake unauona mwenyewe. Sumu haijaondoka, imehama mtaa tu. Na kwa eneo kubwa vile malori yangekuwa hayana mwisho.

Stratford walifanya tofauti. Waliweka mitambo palepale, wahandisi wakaiita hospitali za udongo. Humo kulikuwa na mashine 5 za kuoshea.

Kanuni yake ukishaielewa huisahau. Chukua konzi ya udongo. Ndani yake mna kokoto, changarawe, mchanga, na chembe ndogondogo za mfinyanzi. Sumu nyingi, iwe metali kama risasi au mabaki ya mafuta na lami, hazikai ndani ya kokoto; zinang'ang'ania juu ya uso wa chembe. Sasa, gramu moja ya mfinyanzi ina uso mkubwa mara nyingi kuliko gramu moja ya changarawe, kama vile kitunguu kilichokatwakatwa kinavyotoa harufu zaidi kuliko kizima: ukikigawa vipande, eneo la nje linaongezeka. Kwa hiyo sumu hujikusanya kwenye chembe ndogo.

Basi kazi ya mashine ni kutenganisha. Udongo unamwagiwa maji, unasuguliwa, unachekechwa. Kokoto na mchanga huzama upande mmoja zikiwa safi. Chembe ndogo zenye sumu huelea na maji, kisha hukamuliwa zikawa tope zito. Umewahi kuona mtu akiosha mchele wenye vumbi? Anazungusha maji, vumbi linapanda juu, anamwaga maji machafu, mchele unabaki. Ni hivyohivyo, ila mchele ni mamilioni ya tani na maji machafu ni hatari kwa maisha.

Zingatia jambo moja: kuosha hakuiangamizi sumu. Kunaikusanya mahali padogo ili iwe rahisi kuidhibiti. Tope lile bado ilibidi lipelekwe kwenye madampo maalumu. Ila badala ya kuhamisha kilima kizima, unahamisha sehemu yake ndogo.

Kwa uchafu wa mafuta kuna njia nyingine inayoangamiza kweli. Udongo unarundikwa, unapewa hewa, maji na virutubisho, halafu bakteria wanaachiwa kazi. Kwao mafuta ni chakula. Wanayavunja yanakuwa kaboni dayoksaidi na maji. Wapo ardhini tangu zamani, tatizo lao ni kukosa hewa huko chini. Ukiwapa hewa, wanakula.

Jumla, takriban mita za ujazo milioni 2 za udongo zilichimbwa, na asilimia 80 hivi ilitumika tena palepale. Juu ya udongo wa chini, ambao si wote ulioguswa, wakatandaza wavu wa rangi ya machungwa, halafu juu yake angalau sentimita 60 za udongo safi. Wavu ule ni ujumbe kwa mtu wa kesho: ukiwa unachimba na ukakutana na rangi hii, simama.

Mimi huwa naupenda wavu ule. Ni watu wachache wanaojenga huku wakikiri kwamba kazi yao haijaisha.

Usafi una bei

Michezo ilifanyika mwaka 2012, ikaisha salama, dunia ikapiga makofi. Kijiji cha wanamichezo kikageuzwa mtaa uitwao East Village, nyumba 2,818, na karibu nusu yake zikatengwa kuwa za "bei nafuu". Shule ikafunguliwa. Kituo cha wanahabari kikawa ofisi za kampuni za teknolojia. Chuo kikuu cha UCL kikafungua kampasi mpya kuanzia mwaka 2022. Bustani ni za bure na zinapendeza, mto unapumua. Usinielewe vibaya: hayo ni mafanikio ya kweli, na hakuna anayetamani sianidi irudi.

Lakini turudi kwenye lile nililokwambia ulishike. Watu walikuwa pale kwa sababu palikuwa rahisi, na palikuwa rahisi kwa sababu palikuwa pachafu. Ukiondoa uchafu, unaondoa na urahisi. Ardhi iliyooshwa, iliyounganishwa na treni, iliyopewa bustani, thamani yake hupanda, na kodi ya pango hupanda nayo. Hakuna haja ya mtu mbaya kwenye hadithi. Hesabu yenyewe inatosha kuwasukuma watu nje.

Na Stratford hesabu iliandikwa mapema. Bajeti ya umma ilipotangazwa mwaka 2007 kuwa pauni bilioni 9.3, ilikubaliwa kwamba pauni milioni 675 zilizochukuliwa kwenye mfuko wa Bahati Nasibu ya Taifa zingerudishwa kwa kuuza ardhi baada ya Michezo. Soma tena hapo. Kabla hata uwanja haujajengwa, ardhi ile ilishakuwa na deni. Na ardhi yenye deni hailipi kwa kupangishwa kwa watu maskini.

Halafu kuna lile neno "nafuu". Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilianzisha aina ya upangaji ambayo kodi yake inaweza kufika asilimia 80 ya kodi ya soko, na bado ikaitwa ya bei nafuu. Tufanye mfano: kama nyumba sokoni ni pauni 2,000 kwa mwezi, ya "nafuu" inaweza kuwa 1,600. Kwa mhudumu wa usafi au dereva wa basi, zote mbili ni kama mwezi angani; mmoja uko karibu kidogo.

Mwaka 2022, miaka 10 baada ya Michezo, gazeti la Guardian lilipiga mahesabu. Nyumba zilizojengwa ndani na kandokando ya eneo la Olimpiki zilikuwa chini ya 13,000, na ni takriban asilimia 11 tu ambazo mkazi wa kipato cha kawaida wa eneo hilo angezimudu kweli. Wakati huohuo, kwenye halmashauri nne zinazolizunguka eneo lile, kaya karibu 75,000 zilikuwa kwenye orodha ya kusubiri nyumba za halmashauri.

Wapo waliokataa kusubiri kimya. Mwaka 2013 kina mama vijana waliokuwa wakiishi kwenye hosteli moja ya Stratford walipewa notisi ya kuhama, na wakaambiwa huenda wakapewa makazi kwenye miji ya mbali kama Birmingham au Manchester. Wakaunda kikundi, Focus E15. Septemba 2014 waliingia kwenye nyumba zilizokuwa tupu kwenye makazi ya Carpenters, hatua chache kutoka bustani ya Olimpiki, wakakaa humo wiki mbili. Mamia ya nyumba pale zilikuwa zimehamwa zikingoja kubomolewa. Hoja yao ilikuwa fupi, mtoto angeielewa: nyumba zipo, tupu, na sisi hatuna pa kukaa.

Na kwetu je?

Nimekupeleka London, lakini sikutaka tuishie huko. Desemba 2022 Kenya ilizindua mradi wa Nairobi Railway City, kwa ushirikiano na Uingereza: ekari 425 za ardhi ya zamani ya reli katikati ya jiji, zigeuzwe kituo kipya cha treni, nyumba, ofisi na maduka. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Popote duniani karakana za reli huacha nyuma mafuta, metali na dawa ya kuhifadhia mataruma ya mbao. Kwa hiyo swali la kwanza ni la maabara: ardhi imepimwa, na matokeo yako wapi tuyaone?

Hilo ndilo swali rahisi. Maabara italijibu, na mashine zipo. Magumu ni mengine. Nani yuko pale leo, hata kama kwenye ramani pameandikwa patupu? Neno "nafuu" limefafanuliwa kwa kipato cha nani? Na ardhi yenyewe, imeshawekewa deni ambalo itabidi ilipe?

Mwaka 1844 mtu alichora mstari kwenye ramani ya London akaamua nani atavuta moshi. Baada ya miaka 160 wengine wakaja na mashine nzuri, wakaosha alichokiacha, na kazi yao ya kisayansi inastahili sifa. Ila mstari ule haukuwa kwenye udongo. Kwa hiyo siku mtaa mpya utakapotangazwa mjini kwako, na picha zile za kompyuta zenye miti na watoto wanaoendesha baiskeli zikabandikwa kwenye mabati ya uzio, zitazame kwa raha zako. Halafu uliza kodi ni shilingi ngapi.